Altezza ya Tandahimba: Bati Limenyamaza, Injini Inaimba!

Hukumu kwanza, maelezo baadaye, maana siwezi kuizuia: hii Toyota Altezza RS200 iliyotoka gereji wiki hii hapa Tandahimba ndiyo Altezza tamu kuliko zote nilizowahi kukalia, na injini yake haijaguswa. Haijashushwa, haijafungwa taa za mapambo, ekzosi ni ileile iliyokuja nayo kutoka Japani. Kilichofanyika kimefichwa chini ya kapeti na nyuma ya paneli za milango, mahali ambapo hakuna mtu atakayepiga picha. Mmiliki na fundi wake wameinyamazisha bodi. Basi! Na bodi iliponyamaza, injini ikapata nafasi ya kusema.

Wanaolijua gari hili wanajua kwa nini nimepagawa. Altezza ilitoka mwaka 1998, ikatwaa tuzo ya gari bora la mwaka nchini Japani kwa msimu wa 1998–1999, na nje ya Japani ikauzwa kwa jina la Lexus IS. Mhandisi wake mkuu, Nobuaki Katayama, alitupa sedani ndogo inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, gari la kuendeshwa hasa, sio la kukaliwa tu. Chini ya boneti ya RS200 imelala 3S-GE: silinda nne, lita mbili, kichwa chake kikiwa na mkono wa Yamaha. Yenye gia sita za mkono hutoa nguvu za farasi 210, na kilele chake hakifiki mpaka uipandishe kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika. Bila turbo! Injini ya namna hii huendeshwa kwa masikio. Inapopita mizunguko 5,000 sauti yake hubadilika, hukaza, hupanda, na mkono wenyewe unajua gia inatakiwa lini. Ukinyimwa sauti yake, umenyimwa nusu ya gari.

Sasa ilete mashine hiyo Makondeni.

Barabara ya Mtwara hadi Masasi kupitia Tandahimba na Newala ina kilomita 210, na kwa miaka mingi ilikuwa mchanga na vumbi jekundu la uwanda huu wa Makonde. Kilomita 50 za kwanza, Mtwara hadi Mnivata, zilitangulia kupata lami. Kilomita 160 za Mnivata, Newala hadi Masasi zikaingia kwenye mradi wa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kwa hiyo dereva wa huku anaishi na kelele za aina mbili. Kwenye vumbi, mchanga na changarawe hupiga madigadi kwa chini, tatatatata, bila kupumzika. Kwenye lami huja mvumo, ule mvumo mzito usiokwisha unaofanya watu wawili waliokaa bega kwa bega waongee kama wanaitana kutoka mashamba mawili ya korosho. Ongezea matairi ya 215/45 kwenye rimu za inchi 17, ukuta wa tairi mwembamba, na gari lenye zaidi ya miaka ishirini ambalo vibandiko vyake vya lami vya kiwandani kwenye sakafu vimekauka na kupasuka. Hapo 3S-GE inaimba peke yake mbele huko, wewe unasikia bati.

Mmiliki ni mkulima wa korosho, na fedha ya msimu wa 2024/2025, ule ambao bei mnadani ilipita shilingi 4,000 kwa kilo, ndiyo iliyoleta vifaa. Alikuwa ameshauriwa na kila mtu anunue ekzosi kubwa. Akakataa. “Kaka, ekzosi itaongeza kelele juu ya kelele,” aliniambia, “mimi nataka kuisikia gari yangu.” Nilitamani kumkumbatia.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu watu wengi wanakosea kuanzia mwanzo. Bati la gari ni ngozi ya ngoma. Buti tupu la sedani, na ule uvungu wa tairi la akiba, ni ngoma nzima. Matairi ya nyuma ndiyo mikono inayoipiga. Yeyote aliyekulia kwenye ngoma ya sindimba anajua kuwa ngoma haihitaji kujazwa pamba ili inyamaze. Weka kiganja juu ya ngozi, sauti inakufa. Karatasi ya butili yenye foili ya alumini juu yake ndicho kiganja hicho. Butili ni mpira laini unaonata. Bati linapotaka kutetema, butili inavutwa baina ya bati na foili, na ule mtetemo unageuka kuwa joto dogo usiloweza hata kulihisi. Ndiyo maana huhitaji kufunika bati lote. Karibu robo ya uso wa paneli, ikibandikwa katikati pale inapotetema zaidi, hufanya sehemu kubwa ya kazi. Fundi alinipigia mlango kwa kifundo cha kidole kabla ya kuubandika: dang! Akapiga ule uliokwisha kubandikwa: dup. Nilicheka kwa sauti.

Lakini kiganja juu ya ngoma hakizuii sauti ya jirani. Mvumo wa tairi unaosafiri hewani unataka kitu kingine kabisa: uzito. Kanuni ni ya zamani na haina huruma, kwamba ukizidisha mara mbili uzito wa ukuta unapata karibu desibeli 6 za kuzuia, na sikio la binadamu linahitaji punguzo la desibeli kama 10 ili liseme kelele imepungua nusu. Kwa hiyo juu ya butili fundi ametandika sponji ya vishimo vilivyofungwa, ile isiyonywa maji, na juu ya sponji ametandika vinili nzito, karibu kilo 5 kwa kila mita ya mraba. Sponji inaitenga vinili na bati ili mtetemo usipande. Vinili inazuia mvumo. Tabaka tatu, kila moja na kazi yake. Anayeweka butili juu ya butili juu ya butili akingoja kimya cha Lexus anapoteza fedha.

Kazi yenyewe niliiona ikifanyika upande mmoja, na ninaisifu kwa moyo wote. Viti vilitolewa kwa spana namba 14, kapeti likaanikwa juani, na Mungu wangu, vumbi jekundu lililotoka chini yake! Sakafu ikafagiliwa, ikafutwa kwa spiriti mpaka kitambaa kikabaki cheupe, kwa sababu butili juu ya vumbi ni kazi ya wiki moja tu. Kisha butili ikakatwa, ikabandikwa, ikakandamizwa kwa rola ndogo ya chuma mpaka vile vinundu vya urembo kwenye foili vikalala kabisa. Huo ndio ushahidi wa kazi: vinundu vikibaki vimesimama, kuna hewa chini, na hewa hiyo ni kelele inayosubiri siku yake. Raba za matundu ya sakafuni zilizokuwa zimepotea zikawekwa mpya. Faida yake sikuitarajia: vumbi la Makonde, ambalo hapo awali lilipanda mpaka kwenye dashibodi, sasa halina pa kuingilia. Joto la gia boksi kwenye goti la kushoto nalo limepungua.

Tukatoka kuelekea Newala, kupitia Mahuta. Jamani!

Kitu cha kwanza ni mlango. Uufunge tu. Ile sauti ya debe imeondoka, badala yake unapata pigo moja fupi, zito, la gari la bei mara tatu. Kitu cha pili ni changarawe. Ipo, unaijua ipo, lakini imehamia nje. Inapiga gari, haikupigi wewe. Kitu cha tatu kilinifanya nitulie barabarani bila kusema neno: tulipofika kwenye lami na mwendo ukafika 80, nilisubiri mvumo uje, haukuja kama nilivyouzoea. Ulibaki chini, mnyonge. Nikashusha gia hadi ya tatu, nikakanyaga, na 3S-GE ikapanda kutoka mbele, safi, ikiwa na koo lake lote, nikasikia hata pumzi ya hewa inavyovutwa kwenye mdomo wa injini. Nimewahi kuendesha RS200. Sauti hii sikuwahi kuisikia ndani ya gari hili.

Na hili ndilo ninalotaka wapenda mwendo walishike. Wapo wanaosema gari la michezo halitakiwi kunyamazishwa, kwamba kelele ndiyo roho yake. Waulize watengenezaji. Toyota walipotoa GT86 mwaka 2012 waliweka mrija maalumu unaochukua sauti ya injini upande wa hewa na kuipeleka kwa dereva. Walipotengeneza Lexus LFA, magari 500 tu kati ya 2010 na 2012, waliwaita Yamaha, watu wa piano na magitaa, wawasaidie kuitengeneza sauti ya ile V10 isikike vizuri ndani. Kampuni haziwekezi kwenye kelele, zinachagua sauti ipi imfikie dereva. Tandahimba wamefanya vilevile kwa rola na mkasi: ukuta wa mbele kati ya dereva na injini wameuacha karibu kama ulivyo, wakaelekeza nguvu zote kwenye buti, uvungu wa tairi la akiba, madigadi ya nyuma, sakafu na milango. Huo ni uamuzi wa mtu mwenye masikio. Angeufunika ukuta wa mbele kwa vinili, leo ningekuwa naandika kuhusu teksi nzuri.

Uzito? Ndiyo, upo. Butili ya milimita 2 ina zaidi ya kilo 3 kwa mita ya mraba, na ukijumlisha na vinili gari limebeba mzigo pungufu ya abiria mmoja mtu mzima, kwenye gari la zaidi ya kilo 1,300. Karibu wote umekaa chini, sakafuni, mahali pazuri kwa gari linalokata kona. Kama unashindana kwa saa, usiweke. Kama unalala Tandahimba na kazi yako iko Masasi, weka bila kufikiri mara mbili.

Kuna kelele zilizobaki, na nazitaja kwa sababu nalipenda gari hili. Upepo kwenye vioo vya pembeni sasa unasikika zaidi kuliko zamani, kwa kuwa hakuna kinachoufunika, na vioo vya madirisha havina dawa ya butili. Klipu moja ya dashibodi inalia. Na bearingi ya gurudumu la nyuma kulia inavuma. Ilikuwa ikivuma siku zote, kelele za bati zilikuwa zimeificha. Mmiliki ameshaiagiza. Hebu fikiria, kimya kimegundua ubovu kabla haujawa ajali! Mvumo mmoja mwembamba wa karibu hezi 200 nao umebaki: hiyo ni hewa iliyo ndani ya tairi lenyewe, na dawa yake ni tairi lenyewe.

Juu ya vifaa nitakuwa mkali. Butili ya gari hili ilitoka Kariakoo, ikaja kwa basi mpaka Mtwara. Usikubali kuuziwa utepe wa lami wa kuzibia mapaa eti ni kitu kilekile. Kwenye jua letu lami hulainika, hunuka ndani ya gari, na kwenye mlango huteleza mpaka ikaziba pasipotakiwa. Usikubali pia godoro lililokatwa vipande. Sponji ya godoro hunywa maji na kuyashika, na bati linalolala kwenye maji msimu mzima wa mvua litakuonyesha kutu kabla korosho hazijatoa maua.

Nenda ukaifanye kwenye gari lako, Altezza, Mark X, Subaru, lolote ulipendalo. Anza na matairi. Yakiwa ya zamani na magumu, hakuna butili itakayokusaidia. Kisha buti na madigadi ya nyuma, kisha milango ya mbele, sakafu mwisho fedha ikiruhusu. Na fundi wako akifika kwenye mlango, simama hapo hapo uhakikishe yale matundu madogo ya chini ya kutolea maji ya mvua ameyaacha wazi.