Gharama ya Heshima ya Ukoo: Uhakiki wa Filamu "Thevar Magan"

Utangulizi

Mtahiniwa akiulizwa maudhui ya kazi ya fasihi, aghalabu hukimbilia "mgogoro wa ukale na usasa" na kutia kikomo hapo. Jibu hilo si kosa, ila halitoshi. Filamu ya Kitamil "Thevar Magan" (yaani Mwana wa Thevar) inatuonyesha ni kwa nini. Ilitolewa mwaka 1992, ikaongozwa na Bharathan. Kamal Haasan aliiandika, akaitayarisha na kuigiza kama mhusika mkuu. Ilipata tuzo ya kitaifa ya India ya filamu bora ya Kitamil, na mwaka 1997 ikatengenezwa upya kwa Kihindi kwa jina "Virasat".

Muhtasari

Sakthi anarejea kijijini kwao, kusini mwa India, kutoka masomoni London. Ameandamana na mpenzi wake, Bhanu, na ana ndoto ya kufungua mikahawa mjini. Babake, Periya Thevar, ni kiongozi wa kijiji na anataka mwanawe abaki awahudumie watu. Hata hivyo, ukoo wao umegawanyika. Maya, mwana wa ndugu wa kambo wa mzee, anauchochea uhasama wa miaka mingi, na hekalu limefungwa kwa sababu hiyo. Sakthi anataka lifunguliwe, naye mtumishi wao, Isakki, anavunja kufuli. Tangu hapo visasi vinafuatana: Isakki anapoteza mkono, maji yanafunguliwa na kugharikisha makazi ya watu, mzee anafariki, na Sakthi anarithi uongozi asioutaka.

Maudhui

Kwa mtazamo wa juu juu, Sakthi anawakilisha usasa na babake ukale. Tukichunguza zaidi, mpaka huo unafutika. Mzee ndiye anayesisitiza subira, ilhali kijana msomi ndiye anayewasha moto kwa haraka ya kufungua hekalu. Swali la msingi basi ni hili: heshima ya ukoo inagharimu nini, na ni nani anayelipa?

Wahusika

Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi. Nyasi za filamu hii ni wahusika wadogo. Isakki hana cheo cha kugombania, lakini ndiye anayepoteza mkono. Panchavarnam ni binti wa mwenye shamba anayekubali kuwafungulia wanakijiji njia iliyozibwa. Ili kumkinga na Maya, Sakthi anamtafutia mume. Bwana arusi anatoroka kwa hofu siku ya arusi, na Sakthi anaamua kumwoa mwenyewe. Watazamaji wengi husifu ushujaa huo. Hata hivyo, msichana anakabidhiwa kwa huyu kisha kwa yule kama amana, kwa sababu ya ugomvi usiomhusu. Bhanu naye anarudi na kukuta mpenzi wake ni mume wa mwingine. Revathi, aliyeigiza Panchavarnam, alituzwa kitaifa kama mwigizaji msaidizi bora wa kike, na kwa haki: woga na unyenyekevu wake vinasema mengi kuliko hotuba.

Mtindo

Jazanda ya mbegu ni muhimu. Mzee anamweleza mwanawe kwamba anayepanda leo si lazima ale matunda mwenyewe. Taswira ya mavazi inaonyesha mabadiliko: Sakthi anafika na nguo za kizungu, lakini baada ya mazishi anavaa shuka nyeupe na kufuga masharubu kama ya babake. Upo pia usambamba: garimoshi lililomleta na matumaini ndilo aina ya chombo kinachompeleka kifungoni. Kinaya kinajitokeza katika kilele, pale mpenda amani anapomkata Maya kichwa kwa upanga. Wanakijiji wanajitolea kubeba hatia hiyo. Anakataa, anawahimiza wawasomeshe watoto, kisha anajisalimisha.

Tathmini

Filamu imefaulu kukemea visasi, lakini ina udhaifu. Masharubu, kiti cha uongozi na wimbo wa kuusifu ukoo vinavutia mno, hata wako walioipokea kama sifa kwa tabaka la Thevar badala ya onyo. Mwongozaji Mari Selvaraj alikosoa jambo hili waziwazi. Filamu yake "Maamannan" ya mwaka 2023, alieleza, ilitokana na kumtafakari Isakki. Vadivelu, aliyekuwa Isakki, ndiye aliyepewa nafasi ya Maamannan mwenyewe. Mtumishi aliyepoteza mkono alingoja zaidi ya miaka 30 kuwa kiini cha hadithi.

Hapa pana funzo kwa mwalimu na mtahiniwa. Usimhakiki mhusika mkuu kwa maneno yake pekee. Tazama wanaosimama nyuma yake, uhesabu walichopoteza. Hoja yako itakuwa na uzito, na haitafanana na ya jirani yako darasani.

Maswali ya Kudurusu

1. "Sakthi ni shujaa na pia ni mhasiriwa." Thibitisha.
2. Jadili nafasi ya mhusika mdogo mmoja katika kukuza dhamira ya filamu hii.