Salamu Iliyoacha Ukanushi: "Jambo Bwana" Ikisikika Kipsing

Wahakiki wa nyimbo za Kiswahili wana mazoea ya kuchagua. Taarabu imeandikiwa tasnifu. Tenzi zinazoghaniwa zimehaririwa ubeti kwa ubeti. Nyimbo za dansi zenye kisa ndani yake nazo zimepata wasomi wa kuzitetea. Wimbo wa hoteli haukupata mtu. Umeachwa kando kama chombo cha kazi, mfano wa sinia la vinywaji, na anayeutaja mbele ya wanazuoni huutaja kwa kucheka. Hata hivyo wimbo mmoja wa aina hiyo, "Jambo Bwana" wa bendi ya Them Mushrooms, umependwa na watu wengi kwa muda mrefu kiasi kwamba kicheko hicho sasa chahitaji kuelezwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba wapenzi wa wimbo huo wamesikia ndani yake jambo ambalo wahakiki hawakulisikia, na kwamba jambo lenyewe ni la sarufi kabla ya kuwa la hisia.

Bendi yenyewe si ya juzi. Ilianzishwa Pwani ya Kenya mwaka 1969, na ndugu wa ukoo wa Harrison ndio walioijenga. Majina yao mengine, kama Kalanda, Katana na Kalume, yanaonyesha wazi asili yao ya Kimijikenda. Kiongozi wao, Teddy Kalanda Harrison, ndiye aliyeutunga wimbo huu, nao ukatolewa mwaka 1982. Bendi ilipiga pia rege na chakacha, na katika miaka ya 1990 ikazirudia nyimbo za wazee chini ya jina la zilizopendwa. Anayetaka kuipima kazi yao yote ana mengi ya kusikiliza. Lakini jina lao limefungamana na salamu hii moja ya msimu wa wageni, iliyopigwa katika hoteli za ufukweni wakati Wazungu wanapoikimbia baridi ya kwao au wanapokuja katika likizo zao. Mwaka 1983 kundi la Boney M. la Ujerumani likautoa upya kwa mtindo wa disko. Kundi hilohilo lilikuwa limekwisha kuirekodi "Malaika", na hapa pana mfano wa upendeleo wa wahakiki: "Malaika" iliporudi kutoka Ulaya ilihesabiwa kuwa imetukuzwa, "Jambo Bwana" iliporudi ilihesabiwa kuwa imethibitisha uduni wake.

Hukumu inayotolewa juu ya wimbo huu ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya lugha: kwamba hiki si Kiswahili bali ni Kisetla, lugha ya amri ya mashamba ya walowezi iliyovishwa gitaa, kwa kuwa hakuna Mswahili amsalimuye mwenziwe kwa kusema "jambo" tupu. Ya pili ni ya itikadi: kwamba ni wimbo wa mtumishi aliyeinama mbele ya "bwana", akimficha shida za nchi ili likizo isiharibike. Hukumu ya pili ina uzito wake na itarudiwa. Ya kwanza haina uzito inaodaiwa kuwa nao.

Ili kuipima, ni vema wimbo usikilizwe mahali ambapo hapana ufuko wala mtalii. Kipsing ni kituo kidogo cha biashara katika Kaunti ya Isiolo, kwenye njia itokayo Isiolo mjini kuelekea Oldonyiro, katika nchi kame ya wafugaji wa Kisamburu na Kiturkana. Hoteli za kitalii zilizo jirani ziko mashariki, katika hifadhi za Samburu na Buffalo Springs. Kituoni penyewe pana mbuzi, ng'ombe, ngamia, maduka na vumbi. Kiswahili hapo ni lugha ya pili au ya tatu. Hutumika dukani, shuleni, mnadani na mbele ya askari. Nyimbo za Pwani zilifika katika nchi hiyo kwa redio, kupitia Sauti ya Kenya na baadaye KBC. Na njia nyingine ni ya miguu na basi. Tangu miaka ya 1980 vijana wengi wa Kisamburu wamekuwa wakishuka Mombasa na Malindi katika msimu wa watalii kucheza ngoma hotelini na kuuza shanga, kisha wakarudi nyumbani msimu uishapo. Kwa vijana hao salamu hii haikuwa kitu cha kuchekwa. Ilikuwa sehemu ya ujira, na pia sehemu ya Kiswahili chao.

Tuanze na neno "jambo" lenyewe. Salamu kamili ya Kiswahili ni ukanushi: hujambo, hamjambo, nalo jibu ni sijambo, hatujambo. Kikanushi cha nafsi kimebandikwa juu ya nomino moja kwa moja bila kitenzi, na maana ya asili ni kwamba msalimiwa hana jambo, yaani hakupatwa na neno. Mwalimu yeyote wa wageni anajua jinsi umbo hili linavyowasumbua wanafunzi. Ni kweli basi kwamba "jambo" tupu ni umbo lililopunguzwa. Si kweli kwamba lilipunguzwa na wenye hoteli, wala na walowezi. Stanley alipoingia Ujiji mwaka 1871 umati ulimpokea kwa "yambo", naye akaliandika hivyo katika kitabu chake cha mwaka uliofuata. Wakati huo Kenya ya walowezi ilikuwa bado haijazaliwa. Hii ilikuwa salamu ya njia za misafara, ya Wanyamwezi, Wamanyema na watu wa pwani waliokutana katika lugha ambayo wengi wao hawakuzaliwa nayo. Kwa maneno mengine, ni salamu ya Kiswahili kilipokuwa kinasafiri. Kuiita ya kitalii ni kumpa mtalii sifa isiyo yake.

Zaidi ya hayo, Kisetla kilijulikana kwa kuvunja upatanisho na kuvitupa viambishi. Mhakiki anayekitafuta katika wimbo huu hatakipata.  Kitenzi cha kukaribisha, ambacho ndicho kitovu cha ubeti, kimewekwa katika kauli ya kutendwa, kiambishi cha nafsi ya pili wingi kikiungana na -a- ya wakati. Msemaji wa bara angetumia -na-. Hiyo -a- ni ya Pwani, ya barua za kale na ya ushairi. Msetla asingeitambua hata kama angesomewa. Ajabu ni kwamba watoto wa shule wa Nairobi, Kampala na Goma, ambao huenda hawaitumii kabisa katika mazungumzo yao, huiimba bila kukosea. Walimu wanaolalamika kwamba -a- inakufa wangalipaswa kuushukuru wimbo huu badala ya kuucheka.

Imebaki "matata", neno lililoshutumiwa kuliko yote. Husemwa kwamba Mswahili wa kweli angesema hapana taabu, au hamna shida. Pengine. Lakini neno ni la ukoo mkubwa: tata, tatiza, tatanisha, utata. Uzi uliosokotana una matata. Wataalamu walewale wanaolikataa neno hili katika wimbo hulitumia nduguye kila wanapofundisha sentensi yenye maana mbili, wakaandika ubaoni "utata" bila haya. Kwamba kampuni ya Disney baada ya filamu yake ya mwaka 1994 iliusajili msemo huu Marekani mwaka 2003 kuwa alama ya biashara ya nguo, hata pakazuka malalamiko makubwa mwaka 2018, ni habari ya sheria za kigeni. Haiondoi neno katika kamusi yetu.

Sasa viungo hivi viwekwe pamoja. Wimbo unaanza kwa salamu iliyopoteza ukanushi wake: "jambo", pasi na hu- wala si-. Kisha unauliza habari, unajibiwa, unakaribisha. Halafu katika hitimisho la ubeti, mahali ambapo sauti zote huungana, ndipo ukanushi unapotokea: matata hayapo. Kilichoondolewa mlangoni kimerudishwa ndani. Mtunzi amemfafanulia mgeni, kwa maneno rahisi, maana ileile ambayo Mswahili huibeba katika silabi moja ya hujambo. Iwapo alikusudia hivyo au sikio lake la Pwani lilimwongoza tu si swali la lazima. Umbo liko hapo, na ndilo linaloufanya ubeti uhisike kuwa umekamilika ingawa hauna kisa wala taswira. Wapenzi wa wimbo wakiulizwa husema kwamba unafurahisha. Sehemu ya furaha hiyo ni ya mdundo mwepesi na kiitikio kinachoshikika mara ya kwanza, na hapo hapana haja ya kueleza mengi. Sehemu nyingine ni hii ya kusalimiwa mpaka mwisho.

Na hapa msikilizaji wa Kipsing anamzidi mhakiki wa chuo. Katika lugha za nchi ile, salamu ni kuulizana amani. Msamburu huuliza na kujibu kwa serian, ambayo ni amani. Mturkana kwa ejok, ambayo ni wema na uzima. Jirani yao Mborana kwa nagaa, ambayo tena ni amani. Swali na jibu hurudia neno moja, kama "jambo" inavyojibiwa kwa "jambo" barabarani. Wala si adabu tupu. Katika nchi ambayo mifugo huibwa kwa bunduki na majani hufuatwa mbali, anayetoka malishoni akisema kwamba huko hakuna neno ametoa habari ya kwanza inayotakiwa. Kinachosikika ufukweni kuwa maneno ya kumbembeleza mgeni, Kipsing chaweza kusikika kuwa taarifa. Wimbo haukubadilika. Aliyebadilika ni yule anayesalimiwa.

Hukumu ya pili, ile ya itikadi, haiondolewi kwa urahisi hivyo. Neno "bwana" limebeba mizigo miwili. Pwani ni neno la mazungumzo ya walio sawa, watu wawili wakibishana barazani huitana bwana. Lakini katika nyumba ya mlowezi lilikuwa cheo cha mwenye kuamuru. Wimbo hauamui kati ya hizo mbili, na kwa kuwa aliyesimama mbele ya mwimbaji ni mteja anayelipa, ni haki kushuku kwamba ile ya pili haijafa. Dhidi ya shaka hiyo kuna kimilikishi. Mgeni anakaribishwa katika nchi inayotajwa kwa nafsi ya kwanza wingi: ni yetu. Mtumishi hakaribishi katika nyumba ya mwingine kwa kusema ni yake. Hiyo ni kauli ya mwenyeji, na pengine ndiyo iliyowafanya wafanyakazi wa hoteli wenyewe waupende wimbo ambao wangekuwa na sababu zote za kuuchoka.

Lakini yetu ni ya nani? Mwaka 1982, wimbo ulipotoka, ndio mwaka wa jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti, ambapo redio ya taifa yenyewe ilitekwa kwa saa chache. Kusema mwaka huo kwamba nchi haina matata kulihitaji ama ujasiri ama kufumba macho. Na kwa Isiolo jambo lilikuwa zito zaidi. Wilaya hiyo ilikuwa miongoni mwa zile za kaskazini zilizotawaliwa kwa sheria za hali ya hatari kuanzia miaka ya 1960, wakati wa vita vya shifta, hadi mwaka 1991. Msemo wa kwamba mtu anayesafiri kutoka kaskazini kwenda Nairobi "anakwenda Kenya" unajulikana sana katika nchi ile, nao hausemwi kwa mzaha peke yake. Mtu wa Kipsing aliyeisikia redio ikimkaribisha mgeni wa mbali katika Kenya iliyo yetu alikuwa na haki ya kuuliza kama yeye yumo katika wenyeji au katika wageni. Mhakiki anayeutetea wimbo huu kwa sababu ya sarufi yake asijifanye hakulisikia swali hilo. Wimbo hauna jibu lake. Matoleo marefu, yanayoisifu nchi kwa uzuri na maajabu na amani, yanalifanya swali kuwa kali zaidi, na kwa kweli ni dhaifu kuliko ubeti wa kwanza: pale salamu inapogeuka kuwa tangazo, ukanushi unapoteza kazi yake.

Hata hivyo liko jambo moja ambalo wahakiki wa itikadi wamelisahau, nalo ni kanuni ya salamu za Kiswahili ambayo kila mtoto wa Pwani huijua kabla hajaenda chuoni. Jibu la kwanza daima ni jema. Mgonjwa hujibu sijambo. Aliyefiwa hujibu salama. Kisha huja neno dogo, ila, na baada yake habari zenyewe: salama, ila mama hajambo kidogo, njema, ila mvua imetupita. Kukana matata mwanzoni si uongo. Ni kufungua mlango ili matata yapate pa kupitia. Kasoro ya "Jambo Bwana", kama ni kasoro, ni kwamba wimbo unakwisha kabla ya ila. Mtalii haulizi zaidi, naye ndiye aliyetungiwa. Kipsing, wanapomaliza serian na kujibizana, huanza kuulizana habari za watoto, za maji, za ng'ombe walikopelekwa na nani alionekana akipita upande wa bonde.