Riwaya Ishirini za Bahari

Riwaya za Patrick O'Brian zimejaa katika maktaba za London, na wengi wetu huzipita tu. Alizikamilisha 20, kuanzia mwaka 1969 hadi 1999. Nimezisoma zote, na nasema zinafaa. Mtu wa pwani anayejua foromali na demani hatapotea humo. Na urafiki wa nahodha Aubrey na tabibu Maturin ni wa watu hasa: hugombana, hupatana, hupiga muziki pamoja.

Kinachotuhusu zaidi ni kitabu cha nne, The Mauritius Command (1977). Kinasimulia vita vya Waingereza na Wafaransa vya kugombea visiwa vya Bahari ya Hindi, vilivyokwisha mwaka 1810. Mashamba ya huko yalilimwa na watumwa, na baadhi walitoka kwetu. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa, apewe watu 1,000 kila mwaka.

Maturin anachukia utumwa, ni kweli. Lakini mwandishi anayeijua kila kamba ya merikebu hakuwapa waliouzwa Kilwa hadithi yao. Tumsome, tujifunze ufundi wake, kisha hiyo tuiandike wenyewe.