Jina Kamili la Klasi: Somo la Java Kutoka Minneapolis

Maabara ya GroupLens ya Chuo Kikuu cha Minnesota, mjini Minneapolis, ndiyo iliyofungua MovieLens, tovuti ya kupendekeza filamu, mwaka 1997. Baadaye ikatoa LensKit, zana ya Java ya kutengenezea mifumo ya namna hiyo, na mwaka 2013 wanafunzi wa kozi yake kwenye Coursera wakaanza kuitumia wakiwa mbali kabisa na Minneapolis. Wakati huo klasi zake zilikaa ndani ya pakeji `org.grouplens.lenskit`, ambayo mwanzo wake ni anwani ya grouplens.org iliyogeuzwa nyuma mbele. Ndiyo desturi ya Java, ili majina ya klasi za watu wawili yasigongane. Jina la hivyo ni refu, naam, na hapo ndipo anayeanza hukwama.

Tuchukue klasi ndogo ya mfano, `Salamu`, ambayo faili lake linaanza na `package org.grouplens.salamu;`. Tunaikompaili hivi:

`javac -d tokeo Salamu.java`

Kwa sababu ya `-d`, javac inajenga yenyewe folda `tokeo/org/grouplens/salamu` na kuiweka `Salamu.class` humo. Wengi sasa huingia kwa `cd` hadi lilipo faili, kisha huandika `java Salamu`. Java inagoma: `wrong name`. Faili imeliona, ila jina lililomo ndani silo uliloliita. Pakeji imekwisha kuwa sehemu ya jina la klasi, na hakuna `cd` itakayoiondoa.

Baki nje ya `tokeo`, uandike:

`java -cp tokeo org.grouplens.salamu.Salamu`

`-cp` huonyesha pa kuanzia kutafuta, yaani folda iliyobeba `org`; kuanzia hapo kila nukta ya jina ni kushuka folda moja. Ukiongeza `.class` mwishoni, Java itatafuta klasi iitwayo `class`, na haipo.

Zikihitajika jar za LensKit, andika `-cp "tokeo:lib/*"`. Windows hutaka nukta mkato badala ya nukta pacha. Alama za nukuu usizidharau: ukiandika `-cp lib/*` bila hizo kwenye Linux, nyota inageuzwa orodha ya majina, na Java inaichukua jar ya pili kuwa ndiyo klasi ya kuendesha. Kosa la kuudhi kweli.

LensKit 3 ilipohamia `org.lenskit`, ilibidi amri zilizotaja majina ya zamani ziandikwe upya. Kwa hiyo, kabla ya kuilaumu kompyuta, fungua msimbo usome mstari wa `package`.