Mkoa Uleule, Mipaka Mingine: Atlasi ya Lugha na Ukanda wa Dhahabu
Atlasi ya Lugha za Tanzania (2009), zao la Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni chanzo muhimu cha data za upili. Hata hivyo, mwaka 2012 ilianzishwa mikoa ya Geita na Simiyu; Shinyanga ikapoteza Bukombe, Bariadi, Maswa na Meatu. Sensa ya 2002 iliihesabia watu zaidi ya milioni 2.7, ya 2012, watu 1,534,808. Mtafiti anayegawanya wasemaji wa Kisukuma wa Atlasi kwa idadi hiyo mpya hupata uwiano uliovimba, kisha huueleza kwa uhamiaji wa wachimbaji. Kosa si la Atlasi, bali la msomaji aliyechukua jina la mkoa akaiacha mipaka yake.