Namna ya Kumtambua Fundi wa Usukani

Land Rover Defender iliyozeeka ina ugonjwa mmoja wa kutisha. Gari linakwenda vizuri kwenye lami, kilomita 80 kwa saa, kisha tairi la mbele linagonga kiraka au kiungo cha daraja. Papo hapo magurudumu mawili ya mbele yanaanza kutikisika kushoto na kulia kwa nguvu, usukani unataka kukuponyoka, na hali haitulii mpaka mwendo upungue sana. Madereva wanaotoka Serengeti kupitia Ngorongoro wanaujua. Barabara ya vumbi hulegeza viungo bila wao kutambua, mpaka wanapoikuta lami kwenye geti la Lodoare na kuongeza mwendo.

Ukikupata, shika usukani imara bila kushindana nao, ondoa mguu kwenye mafuta, usipige breki ya ghafla, kisha egesha pembeni. Usidanganywe na utulivu unaofuata. Gari hilo halifai tena kwa safari. Livutwe hadi gereji. Sasa swali ni moja: gereji ya nani?

Fundi atakayekimbilia kukuuzia shokapu mpya ya usukani kabla hajalala chini ya gari, muage kwa heshima uondoke. Shokapu ile kazi yake ni kumeza mitikisiko midogo ya barabarani. Defender ambayo viungo vyake ni vizima haipatwi na mtikisiko huu hata shokapu yake ikiwa imechoka. Ukifunga mpya juu ya viungo vilivyolegea, unauficha ugonjwa kwa muda huku ulegevu ukizidi kukua, na siku utakaporudi utarudi na nguvu zaidi.

Fundi mwenye elimu huanza na panadi rodi, na ukimuuliza sababu atakueleza bila kubabaika. Ekseli ya mbele ya gari hili ni mhimili mmoja kutoka gurudumu hadi gurudumu. Tangu 1983, lilipotoka kwa jina la One Ten na springi za mviringo badala ya zile bapa, hiyo rodi moja ndiyo inayoizuia ekseli isihame upande. Bushi zake zikifa, ekseli inatembea chini ya chasisi na gari linajipa usukani lenyewe.

Tazama anavyokagua. Hakimbilii jeki. Gari linabaki chini kwa uzito wake wote, injini inawaka, kijana wa gereji anakaa ndani na kuzungusha usukani kidogo kidogo, huku na huku. Fundi yuko chini na tochi, kiganja chake kikihama kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Mkono hukamata mchezo ambao jicho haliuoni. Akifika kwenye panadi rodi hatosheki na bushi. Anachomoa bolti, anaitazama kama imelika kiunoni, anairudisha kwenye tundu la mabano na kuitikisa. Tundu likishakuwa na umbo la yai, bushi mpya ni hasara tupu, na hapa ndipo mafundi wengi huishia njiani: wanabadilisha mpira, wanaacha chuma.

Baada ya hapo ndipo jeki inaingia, pamoja na stendi. Anashika tairi juu na chini, analisukuma na kulivuta. Likicheza, anamwambia kijana akanyage breki, kisha anajaribu tena. Mchezo ukiisha, beringi ya gurudumu imelegea. Ukibaki, ni kingipini, zile pini ambazo gurudumu hugeukia. Jaribio hili halina gharama, nami nalihesabu kuwa kipimo kizuri kuliko cheti chochote kilichotundikwa ukutani, kwa sababu asiyelijua atabadilisha beringi nzima na kukurudishia gari lile lile.

Kingipini zenyewe ndizo zinazomtenga bingwa na wengine. Hazitakiwi tu zisicheze. Zinatakiwa zigeuke kwa ugumu fulani, na ugumu huo hurekebishwa kwa kupunguza vibati vyembamba chini ya pini ya juu. Fundi wa kweli hufungua tairodi, hutundika mizani ya ndoano kwenye mkono wa usukani, huvuta na kusoma, kisha hulinganisha na kitabu cha gari. Wa kubahatisha hugeuza kwa mkono na kusema imekaa sawa. Ukiiona mizani ile kwenye boksi la spana, umefika mahali penyewe.

Mengine ni ya haraka. Pini za kufungia nati ziwe mpya kila mara, na tundu lisipolingana, nati hukazwa mbele zaidi, hailegezwi. Bolti za bushi hukazwa mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Rodi ya usukani iliyopinda au kupasuka haichomelewi kamwe. Anayekubali kuichomelea hafai kupewa hata baiskeli. Skrubu ya stelingi boksi haiguswi mpaka viungo vyote vimalizike, maana ikikazwa kupita kiasi usukani haurudi wenyewe baada ya kona. Rimu nazo zisafishwe kwa ndani: matope yaliyokauka humo huharibu balansi, na balansi mbovu ndiyo huuamsha mtikisiko.

Kwenye alaimenti, sikiliza vizuri. Land Rover za zamani za springi bapa huwekwa magurudumu ya mbele yakielekea ndani kidogo mbele. Defender, ambayo magurudumu yote manne husukuma wakati wote, hutaka kinyume chake, kuelekea nje kidogo. Fundi anayeweka kila gari ndani kwa mazoea atakula tairi zako.

Mwisho akukabidhi spea za zamani ukaziguse, aliendeshe gari yeye mwenyewe ukiwa pembeni yake, kwanza kwenye mashimo halafu kwenye lami, na akupangie siku ya kurudi baada ya kilomita mia chache ili akaze upya. Akilikuta bano la panadi rodi limeliwa na kutu hadi kwenye chasisi, atakataa kulitoa gari gereji hata ukiwa na wageni wa kuwapeleka mbugani kesho yake. Mlipe kwa ukaguzi huo, na wageni uwatafutie gari jingine.