Siku ya Kukabidhi: Jinsi American Chopper Ilivyoifanya Karakana ya Familia Itazamike

Kazi ya fundi haijitangazi yenyewe kwenye televisheni. Fundi huinama, hunyamaza, hupima kipande cha chuma, hukirudisha mezani, kisha hupima tena. Mtazamaji aliyekaa sebuleni hana njia ya kujua kama kazi inasonga au inaharibika. Biashara ikiwa ya familia, tatizo huwa kubwa zaidi, kwa sababu watu waliokulia nyumba moja huelewana kwa nusu neno. Uamuzi mzito unapita kwa kutikisa kichwa tu, na kamera inabaki haina cha kurekodi.

American Chopper, kipindi cha uhalisia cha Marekani, kililitatua tatizo hilo vizuri kuliko vipindi vingi vya aina yake. Kilihusu Orange County Choppers, karakana ya kuunda pikipiki iliyoanzishwa mwaka 1999 na Paul Teutul na mwanawe mwenye jina hilohilo, katika jimbo la New York. Kabla ya hapo baba alikuwa na biashara ya vyuma vya ujenzi, na mwana alijifunzia humo kukunja na kuchomelea. Kipindi cha majaribio kilirushwa Discovery Channel Septemba 2002, na mfululizo wenyewe ukaanza Machi 2003. Kampuni iliyokitayarisha ilikuwa ya Craig Piligian, ambaye kabla ya hapo alikuwa mmoja wa watayarishaji wa kipindi cha mashindano cha Survivor. Kwa hiyo mbinu zilizokwisha kujaribiwa kisiwani, kwa washindani wasiojuana, zililetwa karakana kwa baba na wanawe.

Watu wengi wanakikumbuka kwa ugomvi. Nami nasema kilichokibeba ni tarehe.

Tarehe ndiyo inayosimulia

Kila pikipiki ilikuwa na mteja, dhamira na siku ya kukabidhiwa. Katika kipindi cha majaribio iliundwa pikipiki yenye umbo la ndege ya kivita. Baadaye ikaja ya kuwaenzi wazima moto wa New York waliokufa Septemba 11, 2001. Kabla hujajua lolote kuhusu injini wala fremu, tayari unajua mambo matatu: kinatengenezwa nini, kinakwenda kwa nani, na kisipokamilika siku fulani aibu itakuwa hadharani. Mtazamaji hahitaji kujua kuchomelea. Akiona tangi la mafuta bado halijapakwa rangi na sherehe iko karibu, anaelewa kila kitu.

Hapo ndipo ukimya wa fundi unapopata maana. Picha ya mtu anayesugua chuma, ikitokea mwanzoni mwa kazi, ni picha ya kawaida. Picha hiyohiyo ikiwekwa usiku wa kuamkia makabidhiano inamfanya mtazamaji asogee mbele kitini. Mhariri hajaongeza kitu ndani ya picha; ameiweka mahali ambapo muda umebana.

Tarehe pia ndiyo inayozalisha maneno. Katika misimu ya kwanza, baba alitaka sakafu ifagiliwe, vifaa virudi mahali pake na watu waingie kazini kwa saa. Mwana alitaka nafasi ya kulitazama tangi, kulivunja na kulianza upya hadi mstari wake umridhishe. Wote wawili walikuwa na haki. Mwenye biashara analinda ahadi aliyompa mteja, na msanii analinda ubora utakaomrudisha mteja. Mtayarishaji hakulazimika kubuni uhasama, kwani kila karakana ya familia tayari inao. Alichofanya ni kuwa na kamera karibu siku zilipokuwa zimebaki chache. Kati yao alisimama Mikey, mdogo wa Paul mwana, aliyeanza kwa kupokea simu na kutoa taka. Utani wake ulimpa mtazamaji pa kupumulia, nao wahariri wakapata njia ya kutoka kwenye kelele kwenda kwenye tukio linalofuata.

Sauti, kiti cha mahojiano na meza ya uhariri

Karakana ni mahali pabaya pa kurekodi. Grainda inafunika sauti ya mtu aliye hatua mbili tu kutoka kwenye kamera. Mwanga wa kuchomelea ni mkali mno kwa lenzi iliyopangwa kwa uso wa binadamu. Ndiyo maana katika vipindi vya aina hii kila mhusika huvishwa maikrofoni ndogo isiyo na waya, na mazungumzo muhimu hunaswa mashine zinapozimwa. Pengo lolote linalobaki hujazwa na mahojiano.

Mahojiano ya pembeni, yale ambayo mhusika amekaa peke yake na kuieleza kamera yaliyotokea, ndiyo kiungo kikuu cha vipindi vya uhalisia. Mara nyingi hurekodiwa siku kadhaa baada ya tukio, lakini mhusika huombwa aseme kana kwamba mambo yanatokea sasa, na arudie swali ndani ya jibu lake ili sauti ya muulizaji ikatwe. Kwa karakana, faida yake ni kubwa. Fundi aliyenyamaza saa nzima akikunja bati anapata nafasi ya kusema alikuwa akiogopa nini. Maneno yake yanawekwa juu ya picha za mikono yake, na ghafla kazi inaeleweka.

Hatari imejificha hapohapo. Maneno yaliyorekodiwa mbali na tukio yanaweza kukatwa na kushonwa upya. Wahariri wa fani hii hujua kuunganisha nusu ya sentensi ya Jumatatu na nusu ya sentensi ya Alhamisi, mhusika akasikika akisema jambo ambalo hakulitamka kwa mpangilio huo. Ukitaka kuugundua mshono, tazama picha: mara nyingi mhusika anaanza sentensi tukimwona uso, kisha kamera inahamia kwenye nati au gurudumu, na sentensi inamalizikia huko.

Umbo la kipindi nalo linapangwa na matangazo ya biashara. Saa moja ya televisheni ya Marekani hubaki na dakika arobaini na kitu za kipindi chenyewe, zilizogawanywa katika vipande. Kila kipande lazima kiishie mahali ambapo mtu hatabadilisha chaneli: tangi halikai kwenye fremu, kipande kilichokatwa kimekosea kipimo, baba ameingia mlangoni. Karakana inazalisha mikwamo midogo ya namna hiyo kila siku, na ndiyo sababu ilifaa.

Ugomvi ulipoiacha kazi

Mafanikio yaliibadilisha biashara. Mwaka 2008 ilihamia jengo kubwa jipya huko Newburgh. Mbunifu alichora kwa kompyuta, na mashine zikachonga magurudumu ya alumini kutokana na michoro hiyo. Mwaka huohuo ugomvi wa baba na mwana kuhusu saa za kazi ukafikia mwana kufukuzwa. Tukio hilo lilirushwa mwaka 2009: sauti zinapanda, vidole vinanyooshwa, kiti kinatupwa. Picha zake tano zilisambaa duniani kote mwaka 2018 kama utani wa mitandaoni, hata kwa watu ambao hawakuwahi kutazama pikipiki hata moja ikiundwa humo.

Kitaalamu, huo ndio wakati kipindi kilipopoteza mhimili. Zamani ugomvi ulikuwa na kitu cha kushikika, yaani kipande kilichochelewa au meza iliyojaa vyuma, na ukiisha pikipiki inasonga mbele. Sasa uligeuka kuwa wa umiliki. Baba alikwenda mahakamani akitaka kununua hisa za mwanawe, asilimia 20, kwa kutumia kifungu cha mkataba wao. Desemba 2010 mahakama ya rufaa ya New York ikaona kifungu hicho hakiko wazi kiasi cha kutekelezeka. Wakati huo kipindi kilikuwa kimerudi kwa sura mpya, kikionyesha karakana mbili zinazoshindana, ya baba na ya mwana. Pikipiki ziliendelea kuundwa, lakini mtazamaji alikuwa anasubiri kuona kama watu wawili watasalimiana. Grainda na kipimo haviwezi kulijibu swali hilo, na watu halisi hawapaswi kuharakishwa kulijibu ili msimu upate mwisho mzuri.

Kwa atakayejaribu

Leo biashara nyingi za teknolojia za kifamilia hazina moto wala chuma. Ni duka la kutengeneza simu, kampuni ndogo ya programu, mafundi wa kamera za ulinzi. Skrini ya kompyuta haina mvuto kwenye skrini ya televisheni, kwa hiyo mtayarishaji atafute mahali ambapo kazi inagusa mtu: mteja aliyeleta simu yenye picha za marehemu mama yake, mfumo wa malipo unaotakiwa uwake kabla duka halijafunguliwa. Akaribie mikono, ampe fundi nafasi ya kueleza anachokiona, na asimshonee maneno.

Familia nayo iingie macho wazi. Kabla ya kamera kuwashwa, ijue kwa maandishi nani anamiliki nini, nani anaweza kukataa kurekodiwa, na nani analipwa. Kamera haileti mpasuko mahali pasipo na ufa, lakini ufa uliopo itaurudia kila wiki kwa sababu unatazamika. Mtayarishaji mwenye heshima ataupima kila ugomvi kwa swali moja kabla ya kuupeleka hewani: je, unatuambia kitu kuhusu kazi inayotakiwa kukabidhiwa? Kama hautuambii, ni mali ya familia, na ukatwe.